Fimbo ya Kona

Asubuhi wapiganaji walipoichukua fimbo ya Guy, baba yake, Byamungu, alikuwa ameketi mlangoni akimenya mihogo, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Hakuona lililotokea barabarani. Alichoona ni waendesha chukudu watano wakipanda njia ya nyumbani kwake bila chukudu zao, na mwendesha chukudu akionekana mchana kweupe bila chukudu yake, basi amekuja na msiba au amekuja na ugomvi.

Aliyetangulia alikuwa Grégoire. Yeye na Byamungu walikuwa wameshuka mlima wa Mushaki pamoja tangu ujana, wakipeleka maharage na makaa Sake juu ya hizo baiskeli za mbao zisizo na pedeli wala mnyororo, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukikanyaga kipande cha tairi kinachofanya kazi ya breki. Walikuwa wamekula pamoja, wamelala njiani pamoja, hata siku ya ndoa ya Byamungu, Grégoire ndiye aliyembebea bia. Siku hiyo hakusalimia.

"Papa Guy, mutoto yako ametuletea shida."

"Shida gani tena?"

"Wale watu wa barabara wamekamata ile fimbo. Wanasema kila muntu anashuka kona, analipa mbele ya kuishika. Mia tano. Ukipanda, mia tano tena."

"Si mushuke bila fimbo, vile tulikuwa tunashuka zamani?"

Grégoire alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Tushuke bila? Pale iko bunduki, Papa Guy. Zamani hawakujua kama ile kona inaweza kuuzwa. Guy njo amewafundisha."

Kona yenyewe Byamungu aliijua kuliko alivyojua kitanda chake. Jiwe upande mmoja, bonde upande wa pili, na nafasi ya chukudu moja tu katikati. Desturi yao, tangu enzi za baba zao, ilikuwa mluzi: anayeshuka hupiga mluzi kabla ya kuingia, na anayepanda akiusikia hubana kwenye jiwe. Desturi nzuri siku isiyo na upepo. Mwezi wa tatu mvua ilipiga, upepo ukala mluzi wa Byamungu, na chini ya kona kulikuwa na mtu anayesukuma chukudu yake tupu. Yule mtu alizikwa Mushaki. Byamungu aliletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, mguu umevunjika pawili.

Kwa ajili ya mguu huo Guy alirudi kutoka Kisangani. Kule alikuwa katika kituo cha ufundi, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya usalama wa reli, kazi ambayo Mushaki nzima haikuielewa. Walimwuliza, treni ya wapi? Iko nchi hii? Yeye hakubishana. Aliiona kona, akakata fimbo ya mkaratusi, akaipaka rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa, akawakusanya. Kule reli ni njia moja, aliwaambia, treni mbili zikikutana hakuna atakayesimulia. Kwa hiyo dereva haingii mpaka ashike fimbo mkononi. Fimbo ni moja, basi treni ni moja. Anayeshuka ataishusha, anayepanda ataipandisha, na asipokuwepo wa kupanda, Gentille dada yake, aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma chini ya kona, atapanda nayo mwenyewe.

Walicheka wiki nzima. Kisha wakaanza kuitumia, na tangu hapo hakuna aliyegongana na mwenzake pale.

"Mungu amusaidie mutoto yako," alisema Grégoire akigeuka kuondoka, "lakini angetuachia tu mluzi yetu."

* * *

Nyumbani kwa Byamungu shida haikuwa moja. Kwenye simu ya Guy ulikuwa umeingia ujumbe wa sauti kutoka Kisangani, na kwa kuwa mtandao ulipatikana juu kwenye malisho ya ng'ombe tu, aliusikiliza kule, akarudi akiurudia kwa maneno yake mwenyewe, mama yake Céline akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Wanasema kazi ya njiani inaanza mwezi kesho. Tutapelekwa kwenye reli yenyewe, ile ya Ubundu, tukague njia, tukae kwenye stesheni na wakubwa wa kazi. Mwenye hatakuwa pale, nafasi yake inapewa mwingine."

"Umewaambia tuko kwenye vita?" aliuliza Céline.

"Niliwaambia, mama. Walisema pole."

Ng'ombe wao wa pekee alikuwa ameuzwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Njia ya magharibi, ile ya Masisi kwenda Walikale hadi Kisangani, ilikuwa imekatwa, upande huu bunduki hizi na upande ule bunduki zile, na katikati mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamelundikana katika kambi ya wakimbizi Lushebere. Njia iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka: kushuka Sake, Goma, kuvuka hadi Uganda, kuingia tena Kongo kwa upande wa Butembo, na kutoka huko kupanda lori la msituni. Safari ya kumzunguka jirani ili ufike jikoni kwako.

Na kwa njia hiyo alikuwepo wa kumpeleka. Mama Kasoki, Mnande wa Butembo aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni pale Mushaki, alikuwa anafunga biashara na kurudi kwao. Pikipiki yake na dereva wake walikuwa tayari. Alimwambia Céline waziwazi sokoni, bila kuzunguka: "Guy anaweza kwenda na mimi. Atabeba vitu vyangu kwenye mipaka, mimi nitamulipia njia. Lakini akuje na ruhusa ya wakubwa. Mimi siwezi kufungwa juu ya mutoto ya muntu."

Na ruhusa ndiyo haikuwepo. Vijana hawakutoka. Mzee angeweza kutoka, mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kutoka, lakini kijana mwenye mabega na macho mazima alikuwa mali ya wale watu wa barabara. Guy alikuwa ameomba mara ya kwanza, wakamwambia arudi. Akarudi, wakamwambia mbona ana haraka. Mtoto wa kiume wa Grégoire alikuwa ameomba vile vile, na badala ya ruhusa alipewa sanduku la risasi abebe kuelekea Burungu. Hakuwa amerudi bado.

"Basi usiombe tena," Céline alikuwa amesema siku ile, akilia. Sasa alifuta mwiko kwa kitenge chake na kusema kinyume: "Uombe tena, mutoto yangu. Mara hii papa yako aende na wewe."

* * *

Hawakuhitaji kuomba. Waliitwa.

Komanda wa wale wapiganaji alikuwa ameweka ofisi kwenye duka lililoachwa na wenyewe, meza ikiwa bado na mizani ya maharage. Kulikuwa na kiti kimoja cha mgeni, na juu ya kiti hicho palikuwa na begi la komanda. Byamungu alisimama kwenye gongo lake akisubiri begi litolewe. Halikutolewa. Aliona Guy akilitazama begi lile na kutaka kusema neno, akamgusa mkono anyamaze.

"Huyu njo ingénieur?" komanda aliuliza kwa ucheshi. "Kijana, umetufanyia kazi nzuri. Mimi napita ile kona miezi mingi, sikuwaza kitu. Wewe unakuja na kipande ya muti, na watu wote wanapanga mustari. Wanapanga wenyewe! Akili ya shule iko kitu."

"Ahsante, mukubwa."

"Sasa angalia." Akainama, akatoa chini ya meza fimbo nyingine. Ilikuwa imechongwa vizuri kuliko ile ya Guy, imepakwa nyekundu, hata mwisho wake ulikuwa umezungushiwa waya kwa urembo. "Mustari iko murefu sana, watu wanachelewa. Kesho tunaanza na mbili. Fimbo mbili, feza mara mbili. Wewe utasimamia zote."

Guy aliipokea ile fimbo, akaigeuza, akairudisha mezani polepole. Byamungu aliijua sura ile. Mtoto huyu alipokuwa mdogo ndivyo alivyorudisha chakula kilichoharibika, kwa adabu, lakini alikirudisha.

"Mukubwa, haiwezi kuwa mbili."

"Haiwezi namna gani? Hii hapa."

"Ikikuwa mbili, haiko tena kitu. Ni kuni. Nguvu ya ile fimbo ni kwamba mwenye kuishika anajua hakuna mwingine ndani ya kona. Ukitoa ya pili, huyu ataingia juu, huyu ataingia chini, na kila muntu atakimbia bila woga sababu ameshika fimbo. Itakuwa mubaya kuliko mluzi. Kwa mluzi walikuwa wanaogopa."

Walinzi wawili mlangoni walicheka. Komanda hakucheka. "Wewe unanifundisha?"

"Naeleza tu, mukubwa."

"Basi eleza hii. Unataka ruhusa ya kwenda Kisangani, nimesikia. Utasimamia fimbo mbili mpaka nipate muntu wa kukamata nafasi yako, kisha utaenda. Ukikataa, fimbo itakuwa mbili vile vile, na wewe utabeba masanduku. Mimi nawahitaji vijana wenye akili, hata kwa kubeba."

Wakatoka. Njiani Byamungu alikwenda kwa shida, gongo likizama matopeni, na Guy akipunguza mwendo kumngoja bila kuonyesha kwamba anamngoja. Kitu hicho kidogo kilimwumiza Byamungu kuliko lile begi kwenye kiti.

* * *

"Siendi," Guy alisema walipokaa kula.

Céline aliacha kupakua. "Umesema nini?"

"Hata leo wakinipa ruhusa, siendi. Nikienda, wanatoa fimbo mbili kesho yake. Mvua ya kwanza itaua muntu. Pengine papa Grégoire. Pengine Gentille, yeye njo anapanda mule ndani na ile fimbo."

Gentille alikuwa ameketi karibu na moto, mikono ikinuka mahindi. "Mimi nitakaa chini, sitapanda."

"Na ukikaa, watakufa wengine mbele ya macho yako."

Byamungu alihisi hasira ikimpanda, hasira ya mtu aliyenaswa na anayeona mwenzake akiingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. "Ng'ombe yangu iliuzwa ili ukuje kukaa kwenye kona ya Mushaki?"

"Papa, usiseme vile."

"Niseme vipi? Kisangani iko reli, wewe uko hapa na kipande ya mukaratusi! Mwezi kesho nafasi yako inakamatwa na muntu mwingine, mimi nibaki na mguu huu na wewe ubaki na mafundisho nusu. Unafikiri wale watu wanaokuchekea kwenye kona watakulisha?"

Guy alijibu kwa sauti ya chini, na Byamungu akatambua kuwa hayo hayakuwa maneno ya kubishana. Alikuwa akieleza kazi yake.

"Siku ya kwanza kabisa walitufundisha kitu moja. Ukiona hatari kwenye njia, wewe mwenyewe njo unakuwa alama. Unasimama pale. Hauondoki kwenda kula, hauondoki kwenda kulala, hauondoki hata mukubwa akikuita, mpaka mwingine mwenye anaelewa akuje akamate nafasi yako. Mwenye aliondoka, hata kama alikuwa na sababu nzuri, walimufukuza. Sasa mimi nitaenda kwenye reli kuwaambia nini? Kwamba niliacha ile ya kwetu?"

Céline alianza kulia kimyakimya, akipakua maharage huku akilia, kwa sababu watoto wake bado walitakiwa kula. Byamungu hakuonja kitu. Alikuwa amekwama kwenye neno moja: mwingine mwenye anaelewa. Alizunguka Mushaki yote kichwani mwake, nyumba kwa nyumba, akimtafuta mtu huyo. Mtu aliyeijua kona. Mtu ambaye hangeshawishika kutoa fimbo kabla haijarudi, kwa sababu alishawahi kuona kinachotokea. Akamaliza nyumba zote, akajikuta amerudi kwenye gongo lake mwenyewe.

* * *

Kesho yake alikwenda peke yake. Begi lilikuwa bado kwenye kiti. Mara hii hakulingoja. Aliegemea meza, karibu na mizani.

"Mukubwa, ile ya fimbo mbili itakupotezea feza."

Komanda alikuwa akinywa chai. "Baba na mutoto, wote walimu."

"Mimi sikusoma. Mimi niko muntu wa kubeba mizigo. Sikiliza tu. Fimbo mbili zinataka watu wawili wa kukusanya, mumoja juu, mumoja chini, na mumoja kati yao atakuibia. Kisha siku moja watagongana. Wakigongana, kona inafungwa: tunatoa maiti, tunatoa mizigo, watu wanaogopa wiki nzima, maharage inabaki Masisi. Hakuna wa kukulipa."

"Endelea."

Hapo ndipo Byamungu alipoona alipofika. Maneno ya kwanza yalikuwa yametoka bila shida. Yaliyobaki yalikuwa ya aina nyingine, na hakukuwa na njia ya kuyazunguka. Kichwani alimwona Grégoire akifunga gunia. Alimwona Guy akirudisha fimbo mezani.

"Acha fimbo moja. Ongeza bei. Watatoa elfu moja."

"Watakubali?"

"Watalia. Lakini watatoa. Njia nyingine hawana."

Komanda aliweka kikombe chini, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe si ulikuwa mwenzao?"

"Nilikuwa."

"Na nani atakusanya? Mutoto yako ana kichwa ngumu."

"Mimi. Mguu huu hautasukuma tena chukudu. Nitakaa pale juu toka asubuhi mpaka giza. Fimbo itapita mukononi mwangu, feza itapita mukononi mwangu, itafika kwa mulinzi wako yote. Lakini iwe moja, na muntu wako asinilazimishe kuitoa mbele haijarudi. Na Guy apewe ruhusa."

Komanda alicheka, akapiga meza hata mizani ikacheza. "Mzee, wewe ungekuwa na sisi tangu mwanzo!" Akaiokota ile fimbo nzuri yenye waya, akaivunja kwa goti, akamrushia mlinzi. "Weka kwenye moto, chini ya chai." Kisha akaandika ruhusa kwenye kipande cha karatasi na kugonga muhuri, jambo lililochukua muda mfupi kuliko kumenya muhogo mmoja.

Nyumbani Byamungu alisema nusu yake. Kwamba wamekubali fimbo moja na wametoa ruhusa. Kwamba yeye ndiye atakayekaa pale. Céline alimkumbatia Guy kwa nguvu. Guy mwenyewe alimtazama baba yake muda mrefu, macho yakimjaa maji, kisha akapiga magoti matopeni akamshika ule mguu mbovu. "Papa, nilikuwa nafikiri hunielewi."

"Nifundishe," alisema Byamungu haraka, maana mikono ile mguuni ilikuwa inamchoma.

Wakashinda kwenye kona mchana kutwa. Guy alimfundisha kama alivyofundishwa. Usimpe mtu fimbo kwa kusikia sauti ya Gentille kwamba iko njiani. Mpe ikiwa imeshafika mkononi mwako. Usimpe kwa sababu unamjua. Usimpe kwa sababu ana haraka, wala kwa sababu mgonjwa amebebwa, wala kwa sababu ameshika bunduki. Ukikosea mara moja tu, papa, hautaweza kuirudisha. Byamungu aliitikia kila neno. Lakini la bei hakulitamka, na kila alipotaka kulitamka aliona vile kijana anavyofurahi, akaahirisha.

* * *

Siku ya kuondoka waendesha chukudu walikuwa wamepanga mstari kabla jua halijachomoza vizuri, maana ilikuwa siku ya soko Sake. Byamungu alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo magotini, mlinzi mwenye bunduki nyuma yake na mfuko wa feza. Pikipiki ya Mama Kasoki ilikuja ikapita pembeni ya mstari, mizigo imefungwa juu hadi shingoni mwa dereva, Guy nyuma kabisa, Mama Kasoki mwenyewe akiwa ametangulia kwa pikipiki nyingine. Kila chenye magurudumu sasa kilihitaji fimbo, kwa hiyo pikipiki ikasimama.

"Elfu moja," alisema Byamungu, akitazama gurudumu.

Dereva alimgeukia Guy. Guy akatabasamu, akidhani baba yake amejisahau. "Papa, si iko mia tano?"

"Elfu moja."

Mtu wa mwisho alimwuliza aliyekuwa mbele yake amesikia nini, na neno likarudi nyuma likipanda mlima, elfu, elfu, elfu.

"Tangu lini?" aliuliza Guy.

"Leo."

"Nani ameongeza?"

Aliyejibu alikuwa mlinzi, kwa furaha ya mtu anayesifu. "Mwenyewe huyu! Alikuja kwa komanda na miguu yake. Alituambia, ongezeni, watatoa tu, njia nyingine hawana. Papa yako iko na akili kukushinda."

Grégoire alikuwa wa kwanza katika mstari. Alimtazama Byamungu, kisha Guy juu ya pikipiki, na karatasi ya ruhusa iliyochungulia mfukoni mwa shati lake. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Byamungu angeweza kusema. Angeweza kuwaambia kuwa bila hivyo zingekuwa fimbo mbili na makaburi, kwamba amenunua uhai wao kwa feza zao wenyewe. Hayo yalikuwa kweli. Lakini jingine lilikuwa kweli vile vile: mtoto wake alikuwa juu ya pikipiki anakwenda, na mtoto wa Grégoire alikuwa porini upande wa Burungu na sanduku kichwani, kama bado alikuwa na kichwa. Ukweli wa kwanza ukisimama mbele ya ule wa pili hauna uso.

"Papa," alisema Guy. "Ulifanya hii ili mimi niende?"

"Toa feza, mutoto yangu. Unafunga njia."

Guy alifungua mshono ambao mama yake alikuwa ameushona kiunoni mwa suruali, akatoa noti, akampa. Vidole vyao havikugusana. Byamungu akamkabidhi fimbo, na kwa kuwa mlinzi alikuwa anasikiliza na mstari mzima ulikuwa unasikiliza, akasema yale anayopaswa kumwambia kila mtu: "Umuachie Gentille pale chini. Usipite nayo."

Pikipiki iliingia konani. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, na baada ya jiwe la kwanza haikuonekana tena.

Byamungu alikaa mikono mitupu. Mstari ulizidi kurefuka. Mlinzi akachoka kusubiri, akampiga bega kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu. "Mzee, pitisha watu. Ile pikipiki imeshafika chini."

"Fimbo haijapanda."

"Nasema pitisha!"

"Uliza komanda," alisema Byamungu. "Fimbo haijapanda."

Mwishowe Gentille alitokea, amelowa, akihema. Alikuwa ameshayasikia yote kutoka kwa kaka yake kule chini, ilionekana usoni. Byamungu alinyoosha mkono. Gentille aliiweka fimbo juu ya jiwe, kando ya mkono ule, akageuka akashuka tena.

Grégoire alisukuma chukudu yake mbele. Akatoa noti mbili za mia tano, akaziachia zianguke matopeni. Byamungu aliteremka kwenye jiwe lake, akainama juu ya mguu usioinama, akaziokota moja moja. Alipokuwa kule chini aliona kile kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma.

"Breki yako imeisha, Grégoire. Badilisha ile tairi."

Grégoire aliichukua fimbo pale juu ya jiwe bila kumtazama, akaweka goti juu ya ubao, akaingia konani. Byamungu alisikiliza. Mbao zililia, breki ikalia, zikazunguka jiwe, zikaendelea kulia kwa mbali kule chini hadi zikatulia salama. Akampa mlinzi zile noti zenye matope, na fimbo ilipopandishwa tena akaishika kwa mikono yote miwili.

Aliyefuata alikuwa Viateur, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye Byamungu ndiye aliyemfundisha namna ya kuweka goti juu ya ubao. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita Papa. Sasa alisogea, feza tayari kiganjani, akasimama mbali kidogo na jiwe, akavua kofia kama walivyovua wote mbele ya wenye bunduki.

"Mukubwa," alisema, "naomba fimbo."